Bonde la Msimbazi ni mtaji wako, kijana: usikubali ligeuke viwanja vya vigogo!

Kijana mwenzangu wa Kariakoo, wewe unayetandika turubai Mtaa wa Kongo kabla jua halijachomoza, wewe unayesukuma mkokoteni mpaka Gerezani, wewe unayepiga debe pale Msimbazi mpaka sauti inakauka, na wewe uliyekaa kijiweni ukingoja dili ambalo halitiki: leo tuzungumze hesabu. Si hesabu zile za Bunge za matrilioni ambazo hujawahi kuziona kwa macho. Ni hesabu za mfuko wako wa suruali.

Najua ukisikia neno mazingira unafungua ukurasa wa michezo. Sikulaumu. Neno hilo limetekwa na watu wa semina. Wanakutana kwenye hoteli yenye viyoyozi, wanakunywa maji ya chupa, wanasaini posho, kisha wanapanda mashangingi yao na kurudi Masaki. Wamelitafutia na jina gumu, bioanuwai, ili wewe mlalahoi uone kwamba halikuhusu.

Nakuambia linakuhusu kuliko linavyowahusu wao. Bioanuwai ni wingi wa aina za viumbe vilivyo hai mahali fulani: mikoko, matete, miti, vyura, samaki, ndege, mpaka wadudu. Hao wote ni wafanyakazi wa jiji hili. Hawana mshahara, hawana likizo, hawajagoma hata siku moja. Lakini watawala wetu wanawafukuza kazi mmoja baada ya mwingine. Na wakishafukuzwa, kazi yao unaifanya wewe, kwa jasho lako na kwa nauli yako.

MJI ULIOPEWA MAJINA NA MITI

Hebu yataje majina ya mji huu polepole. Mnazi Mmoja. Mchikichini. Mikocheni. Mkwajuni. Mwembechai. Mwembe Yanga. Mivinjeni. Mzambarauni. Ingia Kariakoo yenyewe: Mtaa wa Mkunguni, Mtaa wa Mchikichi. Wazee wetu hawakuwa washairi waliokosa kazi. Waliita mahali kwa mti kwa sababu mti ulikuwa mali. Ulikuwa kivuli, tunda, dawa, baraza la mashauri na mahali pa kukutania wasafiri.

Nenda leo Mkunguni ukautafute huo mkungu. Utakuta ghorofa limebanana na ghorofa, zege kwa zege, na wewe katikati yake unatokota kama maharage. Jina limebaki kama jina la marehemu juu ya kaburi.

Hata soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 1975 likiwa na akili ya mti ndani yake. Msanifu wake, Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, alilipa paa la miavuli mikubwa ya zege, mfano wa miti ambayo Waafrika wamefanyia gulio chini yake tangu enzi na enzi. Miavuli ile ilikinga jua, na maji ya mvua yakakusanywa kutoka juu yake. Amuli alijua siri ambayo wapangaji wa mji wa leo wameisahau: soko ni kivuli kwanza, bidhaa baadaye. Lile soko likaungua Julai 2021, na hiyo ni habari nyingine ya uchungu.

Wewe uliyeko barabarani unaijua siri hiyo bila kwenda chuo. Saa saba mchana jua likiwaka, mteja anakimbia. Plastiki inapinda, rangi ya nguo inapauka, nyanya inalainika, maji ya kunywa unanunua ya pili na ya tatu. Kila kitu hicho ni fedha. Mti mmoja wa kivuli mbele ya meza yako ungekulipa kila siku, lakini katika vitabu vya halmashauri mti huo thamani yake ni sifuri. Ukikatwa, hakuna anayeandika hasara. Ghorofa likijengwa mahali pake, wanaandika maendeleo!

BONDE LILILOFANYA KAZI BURE

Sasa twende Jangwani, maana hapo ndipo penye ngoma.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe. Unashuka kupitia Vingunguti, Tabata na Kigogo, unapanuka Jangwani, kisha unaingia baharini pale Salenda kwenye mikoko. Mwenyezi Mungu hakulifanya bonde lile kuwa pana kwa bahati mbaya. Upana wake ni kwa ajili ya kupokea maji ya masika na kuyatuliza. Matete na majani yake ni chujio. Mikoko ya Salenda inashika tope, inavunja nguvu ya mawimbi, na katikati ya mizizi yake samaki na kamba wanakulia. Piga hesabu: bwawa la kuzuia mafuriko, mtambo wa kusafisha maji, ukuta wa bahari na shamba la samaki, vyote vinne mahali pamoja, bila bili!

Wakubwa walilijua hilo. Ramani kuu ya jiji ya mwaka 1979 iliyaweka mabonde ya mito kuwa maeneo ya hatari yasiyofaa kujengwa. Imeandikwa, ipo. Lakini viwanja halali vikawa adimu kama maziwa ya kuku. Mlalahoi aliyekosa mahali pa kulaza watoto akashuka bondeni. Je, alizuiwa? Alivutiwa umeme na maji ya bomba, akatozwa na kodi. Uchaguzi ulipofika akaombwa kura, akavishwa fulana. Mvua iliponyesha, ghafla akaitwa mvamizi!

Desemba 2011 maji yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili. Walionusurika wakapelekwa Mabwepande, mbali na soko, mbali na kibarua. Desemba 2015 yakaja matingatinga na alama za X nyekundu ukutani. Wapi aliyetoa umeme? Wapi aliyepokea kodi? Hao hawakubomolewa kitu.

Na sasa sikiliza kichekesho. Serikali hiyo hiyo iliyomwambia mama wa Jangwani kwamba bondeni hapajengwi, ikajenga bondeni! Karakana ya mabasi yaendayo kasi ikawekwa pale pale Jangwani, katikati ya njia ya maji, kwenye mradi uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Huduma ilianza Mei 2016. Baada ya hapo mvua ikinyesha tulishuhudia mabasi yamesimama ndani ya maji kama viboko, na Barabara ya Morogoro imefungwa. Mlalahoi akijenga bondeni ni mvamizi. Serikali ikijenga bondeni ni maendeleo. Maji hayakujali cheo cha mtu.

Mafuriko ya Aprili 2018 peke yake, kwa hesabu ya Benki ya Dunia yenyewe, yaliligharimu jiji zaidi ya dola milioni 100, karibu asilimia 2 ya uchumi wote wa Dar es Salaam. Unadhani fedha hizo zilitoka Ikulu? Zilitoka kwenye kibanda kilichosombwa. Zilitoka kwenye marobota ya mitumba yaliyolowa, kwenye siku ambazo hukuuza kwa sababu mteja wa Magomeni hakuweza kuvuka, kwenye bodaboda uliyopanda kwa bei ya kuruka, na kwenye dawa ya mtoto aliyeharisha baada ya maji ya vyoo kuchanganyika na maji ya kisima. Hiyo ndiyo bei ya bonde lililofukuzwa kazi. Wewe ndiye uliyelipa, na risiti hukupewa.

TUNAKOPA KUNUNUA TULICHOPEWA BURE

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa Bonde la Msimbazi, na Hispania na Uholanzi zikaongeza fedha zao. Daraja la Jangwani liinuliwe, mto uchimbwe, karakana ihamishwe, watu waondolewe kwa fidia, bustani kubwa ya jiji ipandwe. Nisieleweke vibaya: sipingi daraja. Anayepinga daraja la Jangwani hajawahi kukwama Magomeni na mzigo kichwani. Lakini tuseme ukweli: tunakopa mamilioni ya dola ili bonde lirudishwe kwenye kazi iliyokuwa inafanyika bure. Na mkopo huo utalipwa na wewe na mtoto wako ambaye hajazaliwa.

Halafu kuna jambo linalosemwa kwa sauti ndogo. Katika mipango ya mradi, si bonde lote litakuwa bustani. Pembezoni pake ardhi itainuliwa kwa kifusi ili iwe viwanja vya majengo. Viwanja! Hatua chache kutoka Kariakoo, mkabala na bustani, kando ya barabara ya mabasi ya kasi. Hata mtoto wa darasa la pili anajua bei ya ardhi hiyo itakuwaje. Je, atapewa nani? Yule mama aliyeondolewa? Wewe mmachinga? Au wale wale ambao kila kiwanja cha wazi cha mji huu kikipotea, unakuta jina la jamaa yao kwenye hati? Mimi nauliza tu. Kuuliza si ujinga.

TOPE LINATOKA PUGU

Kuna jamaa atasema: “Bonde tumesikia, lakini msitu wa Pugu una uhusiano gani na meza yangu?” Una uhusiano mkubwa.

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani, yenye mimea na wanyama ambao sehemu nyingi za dunia hawapo. Kwa miongo mingi imeliwa na mkaa na wavamizi wa ardhi. Mti ukishakatwa, mizizi haishiki udongo. Udongo unaingia mtoni, unasafiri, na unapofika Jangwani penye tambarare unatua. Kina cha mto kinapungua. Mvua ndogo ya jana inakuwa gharika ya leo. Kwa hiyo gunia la mkaa lina bei mbili: moja unamlipa muuzaji, nyingine unalilipa tope.

Simlaumu mama lishe anayekukaangia chipsi. Hana njia nyingine ambayo mfuko wake unaiweza. Namlaumu anayejua hesabu hii yote, ana wizara, ana magari, ana askari wa misitu, na bado anaacha malori yapite usiku.

CHURA, KUNGURU NA SIASA ZETU

Mashabiki wa Simba wanawaita wenzao wa Yanga vyura, kwa sababu klabu ipo Jangwani na uwanja wake wa Kaunda hujaa maji. Utani wa jadi, tucheke. Lakini chura si wa kudharauliwa. Chura anakula wadudu usiku kucha, na samaki wadogo wa mtoni wanakula viluwiluwi vya mbu. Mto ukishageuzwa mfereji wa kinyesi, kemikali na chupa, chura na samaki wanakufa, mbu anabaki peke yake kama mgombea aliyepita bila kupingwa. Kisha wewe unanunua dawa ya mbu, na chandarua, na vidonge.

Serikali ikitaka, inajua sana thamani ya chura. Chura wa Kihansi, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi tu, duniani kote hakuna pengine. Bwawa la umeme likapunguza manyunyu yake. Mwaka 2000 vyura karibu 500 wakasafirishwa kwenda Marekani kutunzwa, na kule korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji ya bandia. Chura amepata safari ya Marekani, wewe viza unanyimwa! Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwenye korongo lao. Cheka, lakini lishike funzo: kubomoa ni siku moja, kurudisha ni miaka na mabilioni.

Na kunguru je? Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu anayekupokonya chapati mkononi si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale takataka. Badala ya kuzoa taka, tawala za wakati ule zikamleta mla taka. Leo amejaa Dar es Salaam nzima, anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na serikali imewahi kugharimia sumu ya kumuua. Taka hazikuisha, kunguru hakuisha, ndege wetu ndio waliopungua. Hebu niambie, hiyo si picha kamili ya siasa za nchi hii?

NAIROBI WALIKATAA

Usikubali kuambiwa kwamba haiwezekani. Mwaka 1989 utawala wa KANU ulitaka kujenga ghorofa la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi. Mwanamke mmoja, Wangari Maathai, akasema hapana. Akatukanwa bungeni, akadhihakiwa kwa sababu ya uanamke wake. Ghorofa halikujengwa. Mwaka 1998 na 1999 wakaja kuugawana Msitu wa Karura. Wakapambana tena, safari hii wanafunzi wa vyuo, vijana kama wewe, wakiwa mstari wa mbele. Karura ipo mpaka leo, na watu wanalipa kiingilio kwenda kutembea na kukimbia humo. Mwaka 2004 mama yule akapewa tuzo ya Nobel ya Amani.

Unaona sasa kwa nini uwanja wa wazi ni jambo la siasa? Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, sauti ya mnyonge wa jiji hili imesikika Jangwani na Mnazi Mmoja. Mikutano ya hadhara ilizuiwa mwaka 2016 mpaka zuio likaondolewa Januari 2023. Lakini ruksa bila uwanja ni danganya toto. Wakishamaliza viwanja vya wazi, hawatahitaji polisi wala mabomu ya machozi kukuzuia. Utahutubia wapi, juu ya paa?

TUNADAI HAYA

Kwanza, ramani ya bonde ibandikwe hadharani Kariakoo, Magomeni, Kigogo na Vingunguti, ionyeshe kila kipande cha ardhi kitakachoinuliwa na jina la atakayepewa. Bila hivyo tunauziwa mbuzi kwenye gunia.

Pili, kazi ya kusafisha mto, kupanda mikoko na kutunza bustani wapewe vijana wa kata zinazopakana na bonde. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Basi mikopo hiyo inunue matoroli, mitumbwi na vitalu vya miche, isiishie kwa makada.

Tatu, kila anayepewa kibali cha kupandisha ghorofa Kariakoo apande miti ya kivuli mtaani na akinge maji ya paa lake, badala ya kuyamwaga kwenye meza yako.

Nne, kila anayetiririsha uchafu Msimbazi atajwe kwa jina gazetini na apelekwe mahakamani. Msidhani mahakama ni ya wakubwa tu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jalala lililokuwa linawaua kwa moshi, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Halmashauri ikavuta miguu miaka kadhaa, na mwishowe ikahamishia taka Vingunguti, katika bonde lile lile la Msimbazi! Ushindi bila kulinda ushindi ni nusu ya ushindi.

Na wewe pia, kijana, usijifanye malaika. Ile chupa uliyoitupa mtaroni jana jioni ilikwenda wapi? Iliziba kalavati ya Jangwani, ikamrudishia maji shangazi yako Kigogo. Huwezi kuwalaani wala nchi mchana na usiku ukawasaidia kuziba mto.

Keshokutwa masika yanakuja. Maji hayasomi hotuba, hayapokei kitu kidogo, hayaogopi ving'ora. Yatatafuta njia yao ya zamani, kama siku zote. Wenye mashangingi watazunguka barabara nyingine. Wewe utakuwa pale darajani, viatu mkononi, mzigo kichwani. Basi kabla hayajafika, kawaulize diwani na mbunge wako maswali haya kwa sauti, mkiwa wengi. Wakisema bonde ni eneo tupu tu lisilo na kazi, waambie bili ya Aprili 2018 tunayo mkononi, na safari hii waje wailipe wao.